Chozi, upupu na kamera ya watu

Vuli ikianza kunukia tu hapa Dar mimi nashikwa na ugonjwa wa kupiga picha. Mikrismasi inaanza kuwaka nyekundu mabarabarani, mbayuwayu wameshashuka kutoka Ulaya wamejipanga kwenye nyaya za umeme, yaani hata kama huna hela unajisikia tajiri. Tatizo ni kwamba mjini ukinyanyua kamera kutafuta ndege unapata kunguru. Kunguru juu ya mkrismasi, kunguru jalalani, kunguru kakalia bango la mgombea. Na wenyewe ni wageni hawa, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wasaidie kumaliza taka, taka zipo mpaka leo na wao wapo.

Basi nikaamua kwenda zangu Pugu, kwenye ule msitu wa Pugu Kazimzumbwi upande wa Kisarawe. Mshkaji wangu mmoja anapiga picha na video za harusi, akaniazima kamera, lenzi ndefu na stendi ya miguu mitatu, kwa masharti ya mdomo yaliyochukua muda kuliko kikao cha mahari. Daladala mpaka Gongo la Mboto, nikabadilisha ya Kisarawe, jua halijachomoza vizuri nishafika.

Nikapata dogo mmoja wa palepale wa kunitembeza. Yeye akili yake yote ilikuwa kwenye mapango ya popo.

"Braza twende kwenye popo, watu wote wanaenda kwenye popo."

"Dogo, mimi nataka maua na ndege."

"Popo si wanaruka pia?"

Nikamwambia kuna mti una maua meupe, wataalamu wanauita Baphia puguensis, umepewa jina la huku kwenu kabisa, nipeleke huko. Akaniangalia, akaangalia msitu, akasema "huo sijawahi kukutana nao", tukaendelea kutembea. Hondohondo tuliwasikia kabla ya kuwaona, wale wanalia kama mtoto aliyenyimwa simu, na nikipata fokasi wanahama mti. Nina picha nyingi sana za matawi ambayo hondohondo ametoka kuondoka.

Sasa pembeni ya njia, sehemu yenye mwanga, nikamwona chozi. Dume, kifua kinametameta, limekaa kwenye ncha ya kijiti linaimba kwa mbwembwe. Jike lake linapita na nyuzi za buibui mdomoni, linaenda kushona kiota kinachoning'inia kwenye mtambaazi fulani uliopanda juu ya kichaka. Yaani dume linaimba, jike ndo linajenga, sitaji mtaa wangu hapa. Dogo kapigiwa simu, kasogea nyuma huko kutafuta mtandao. Nikatega stendi, nikaelekeza kamera kwenye kiota, nikawasha video, halafu mwenyewe nikatoa simu nikalala chali chini ya ule mtambaazi ili nipate kiota na anga la bluu nyuma yake.

Na aisee palikuwa pazuri. Kiota kimezungukwa na maganda ya kahawia yamejikunja kidogo, yana manyoya ya dhahabu, jua la asubuhi likiyapiga yanang'aa kama mahameli. Nikayapiga picha na yenyewe, karibu kabisa. Kaupepo kakaja, tawi likatikisika, nikaona kwenye mwanga vumbi fulani zuri la dhahabu linashuka taratibu, nikasema loh, Mungu fundi. Likanishukia shingoni, kifuani, na kwenye mikono yote miwili.

Muwasho wa kwanza nikasema mbu. Wa pili nikasema sisimizi. Jike la chozi lilikuwa linarudi na uzi mwingine nikajiambia usijikune, ukijikuna anaruka, vumilia. Nikavumilia mpaka machozi yakanitoka. Halafu mwili wote ukanisaliti kwa pamoja. Niliinuka pale nikavua fulana huku naruka, nikaifutia mgongo, kumbe nayo imejaa, nikamaliza kazi. Nikakamata chupa ya maji nikajimwagia yote. Ikawa nimeyasambaza mpaka kwenye kitovu.

Dogo akatokea, simu bado sikioni. "Braza, chini ya upupu unafanya nini?"

Upupu mimi nilikuwa naujua kwa hadithi za bweni tu, ule wanaomwagiana kwenye mashuka. Kwamba una mti wake, unatambaa, una maganda ya kupendeza kiasi kile, shuleni hawakutufundisha. Baadaye nimesoma kwamba yale manyoya yana kimeng'enya kinaitwa mukunaini, ndicho kinachowasha. Pale porini sikuhitaji kemia.

"Ungekubali twende kwenye popo," dogo akasema, "saa hizi tungekuwa tunacheka."

Yeye alikuwa anacheka.

Akabeba vifaa, akanikokota mpaka nyumba ya jirani kwa bibi mmoja anayefuga ng'ombe. Mimi kifua wazi, najikuna kwa zamu mkono huu na huu, adabu sijaisahau. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, upupu?" Hata hakuniuliza zaidi. Akanipaka majivu kwanza, akaangalia, akatikisa kichwa, akamwambia dogo kalete. Dogo akaenda zizini akarudi na ndoo. Nikauliza hiyo nini, nikajua kwa harufu kabla sijajibiwa. Bibi akasema kitu kibichi ndo kinanasa vile vinyweleo, kikikauka unakibandua vinatoka navyo, kaa hapo uwe na adabu. Nikapakwa. Shingo, kifua, mikono, bibi anapaka kwa mpangilio kama anaskimu ukuta. Nikakaushwa juani nimenyoosha mikono, kuku wananizunguka.

Sema muwasho ulipungua. Nasema ukweli wangu. Nilipobanduliwa na kukoshwa nikawa nabaki na moto wa mbali tu, ila harufu iligoma kuondoka. Bibi akakataa hela, nikamnunulia sukari na sabuni dukani. Dogo akanipa fulana yake ya Yanga, mimi ni Simba, siku ilikuwa imeshaharibika hata sikubisha.

Kwenye daladala nikakaa siti ya dirishani. Jirani yangu akahama. Wa mbele akahama. Konda akaja, akavuta pumzi, akasimama mbali. "Oya braza, nauli utalipa ya siti hizi zote, abiria wangu unawafukuza." Nyuma nawasikia akina mama wawili wananong'ona: huyu katoka kwa mganga, si unaona majivu nyuma ya sikio, hao wanapewa masharti, asisalimie mtu mpaka afike kwake. Nikageuka niwaambie ni upupu, mmoja akaziba mdomo, "usiongee baba, usiongee, utaharibu dawa!"

Tulipokaribia Gongo la Mboto akanisogelea taratibu, kashika pua. "Samahani baba, mtaalamu wako ni wa biashara au wa mapenzi?"

Nikamwambia wa ng'ombe. Akaitikia kwa heshima kabisa, akarudi kumwelezea mwenzake kwamba ni wa mifugo.

Kamera niliirudisha usiku uleule, memori kadi ikiwa ndani, nilikuwa nataka kuoga tu. Video sikukumbuka kabisa kama niliiwasha.

Jumapili mshkaji kaenda kwenye kikao cha kamati ya harusi, kabeba laptopu na projekta awaonyeshe sampuli za kazi zake wampe tenda. Kachomeka kadi. Faili la mwisho likafunguka lenyewe ukutani, fremu safi, mwanga safi, kiota cha chozi kwa mbele, na kwa nyuma mtu mzima anaibuka kutoka chini anarusha fulana, anazunguka, anapiga magoti, anajimwagia maji, anaanza upya. Kaniambia anatafuta pa kuizima huku mikono inamtetemeka, ukumbi mzima kimya.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti yake, akasema aache kwanza. Akaangalia mpaka mwisho.

"Sawa," akasema, "picha tumezipenda. Na huyo mcheza ngoma, yumo kwenye bei au tunamlipa pembeni?"