Mzee anyang'anywe funguo au aachiwe?

Jumapili tulikaa kikao cha familia Tabata kisa baba mkubwa, miaka 76, kachubua gari ya jirani akirudi rivasi. Binamu zangu wanataka funguo zichukuliwe siku hiyo hiyo. Mi nikasema tulieni, pale tatizo ni shingo, mzee hageuki vizuri, na saitimira moja vibaka waling'oa haijarudishwa mpaka leo.

Ila tusidanganyane, wana hoja. Ukizeeka jicho linataka mwanga mwingi, lori likikupiga fulu usiku unakaa muda ndo uone tena, mguu nao unachelewa kutoka kwenye mafuta kwenda breki. Na shughuli nzito kuliko zote ni kukata kulia mbele ya magari yanayokuja, unapima spidi ya gari, boda inachomoka katikati, mama anavuka na ndoo, vyote kwa mpigo. Prince Philip wa Uingereza alipata ajali 2019 ana miaka 97 akiingia barabara kuu, baada ya wiki chache akarudisha leseni mwenyewe. Wangapi wanarudisha wenyewe? Kwao Uingereza ukifika 70 unahuisha leseni kila miaka 3 kwa kusema tu uko fiti, hapo siwaelewi kabisa, anayeanza kusahau atajuaje kama anasahau? Japani wamekaza, kuanzia 75 unapimwa kumbukumbu kwanza.

Sasa ukimnyang'anya, kwa Dar hii apande nini? Magoti yale agombanie daladala jioni? Akae nyuma ya boda? Atabaki barazani tu, msikitini haendi, kliniki mpaka aombe mtu, na mzee akishafungiwa hivyo anaisha haraka. Halafu macho yanatibika jamani! Kuna utafiti wa Alabama, Marekani, wa 2002, wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata ajali karibu nusu ya wale ambao hawakufanyiwa. Kwahiyo mi naona apimwe, macho, shingo, miguu, kumbukumbu, na ampime mtu wa nje, sio sisi, maana binamu anayepiga kelele kuliko wote ndo huyo huyo anaitolea macho hiyo gari.

Mwisho tukakubaliana: usiku haendeshi, mvua haendeshi, wiki ijayo nampeleka hospitali ya CCBRT macho. Saitimira nimeifuata jana kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani, ya mtumba, rangi ile ile ya gari yake, sijathubutu kuuliza imetoka wapi.