Haiko ya kuuzisha

Jumapili mulamu (shemeji) wangu alikuja kunisalimia akiwa na mgeni, mama mmoja wa heshima zake, vikwembe (vitenge) viwili na libaya (blauzi) lililoshonwa likashoneka, na begani mfuko wa semina. Mnaijua ile mifuko. Hata soda hajaigusa, jicho limeshatua kwenye kiti kirefu, pale ninapotandika bulangeti ya bipande, blanketi la viraka nililolishona mwenyewe, kuficha sponji iliyochungulia. Akaishika, akaigeuza nyuma kutazama mishono, akaivuta kidogo kama mtu anayepima mbuzi sokoni. Kisha akauliza:

— Mama, hii unauzishaka bei gani?

— Haiko ya kuuzisha.

Akacheka. Alidhani ndiyo nimeanza mabishano ya bei. Akatoa simu, akapiga hesabu mbele yangu: bulangeti tatu kwa mwezi, kila moja dola 50, halafu nikusanye mama wenzangu kumi wa hapa Katuba, Lubumbashi, tupate jina, tupate muhuri, tuandike barua kwa wafadhili. Soda ikaisha gesi yote. Alipomaliza alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akasema: "Mama, unakalia pesa." Na kweli nilikuwa nimeikalia, maana kiti chenyewe ni kimoja.

Leo ni Alhamisi na hasira haijanitoka. Nina swali kwa wenye mifuko ya semina: ni lini tulikubaliana kwamba kila kitu mkono wa mwanamke ukikigusa lazima kiwe mradi? Ukipika sombe ikakubali, fungua mgahawa. Ukimsuka mtoto wako vizuri, fungua saluni. Nina rafiki anayesali kwa sauti tamu. Ameshaambiwa mara mbili afungue kanisa. Lakini mwanaume anakaa chini ya mwembe anacheza dama tangu saa nane mchana hadi giza, na hakuna anayemwuliza mpango wake wa biashara uko wapi. Huyo anapumzika. Mimi nakalia pesa.

Ngoja niwaeleze bulangeti yenyewe, kwa kuwa mgeni hakuuliza. Ina vipande kama 270, na hakuna hata kimoja nilichonunua kwa ajili yake. Vingine vimetoka kwenye mfuko ulio chini ya kitanda changu tangu nilipoolewa. Vingine ni vya fundi mmoja wa soko la Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi), ambaye kila Jumamosi hunikusanyia mabaki ya chini ya mashini yake, nami humpelekea mandazi. Mafundi wetu mnawajua: unapeleka kikwembe kizima, yadi sita, anakurudishia nguo na kuapa kwamba hakikubaki hata cha kufungia kidole. Mwezi unaofuata unamwona mtoto wake kanisani na kaptula ya kikwembe chako. Huyu wangu ni mwaminifu, au labda ni mandazi.

Humo mna vikwembe vya 8 Machi, siku ya wanawake, vya miaka saba, kila kimoja na rangi yake na tarehe yake, maana nani hapa asiyenunua cha 8 Machi hata kama mshahara haujatoka? Mna harusi ya mdogo wangu, zambarau moja iliyochuja ikachafua kila kilichokuwa kwenye beseni. (Tangu siku hiyo kila kipya nakifua peke yake, mara mbili, kabla hakijaona mkasi. Wanga wa dukani utoke, na rangi yenye mpango wa kukimbia ikimbie mapema.) Mna mgombea mmoja wa uchaguzi, simtaji, aliyetuvalisha uso wake bure kisha hatukumwona tena. Nimemkata mpaka limebaki sikio. Nilidhani angalau hilo litatusikia.

Na karibu na katikati, kidogo kushoto, yupo Anuarite, mtawa wetu wa Kongo. Kambo, mama mzaa mama, alikuwa katika kundi la Mama Wakatoliki, na kikwembe kile alikipata baada ya Papa Yohane Paulo II kumtangaza Anuarite mwenyeheri kule Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Alikivaa hadi kikawa laini kama utando wa maziwa. Nilikirithi kwa sharti moja: mwenyeheri hakatwi usoni. Kwa hiyo vipande vyote vina upana wa kiganja isipokuwa hicho, ambacho ni kikubwa kama sinia, kimesukuma majirani zake pembeni, na safu tatu za chini yake hadi leo hazikutani. Mgeni alikiona. Alinishauri kwamba nikianza kushonea wateja nikiondoe, kwanza kwa sababu mistari haijanyooka, pili kwa sababu wateja wengine ni Waprotestanti.

Kambo alijifunza kushona kabla ya Uhuru, kwenye foyer (darasa la akina mama) ya Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, kule kambini, ambako wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi na kuwa wake wema. Kiraka cha pale kilitakiwa kisionekane: uzi wa rangi ileile, nyuzi za kitambaa zilalie upande uleule. Sipendi kuwasifu wale. Walimfundisha mwanamke kuziba kaptula ya mumewe ili mume aamke mapema akawachimbie wao shaba. Lakini mshono ni mshono, na ule ulikuwa mzuri. Nautumia hata leo, nifanye nini. Kambo akirudi nyumbani alikuwa akishona uzi mwekundu juu ya buluu, makusudi kabisa. Kama ameshachoka, alisema, basi ionekane amechokea nini.

Mashini ni yake, Singer ya kukanyaga kwa mguu. Umeme ukikatika, na sina haja ya kuwaeleza watu wa Lubumbashi habari za umeme, yenyewe inaendelea. Pasi ni ya makala, yaani makaa. (Ndugu zetu wa Dar wakisoma hapa watadhani nanyoosha nguo kwa magazeti.) Nashona kwa robo saa, robo saa: maji ya bukari (ugali) yanapotafuta kuchemka, katikati ya kusahihisha imla za watoto 58, saa kumi alfajiri ninapolisubiri bomba lianze kukohoa. Sipangi rangi. Nachukua kipande kilicho juu, cha pili nakiweka kando yake. Vikigombana mno natia cha tatu katikati kiviamue. Ndani hamna pamba ya dukani, kuna blanketi kuukuu la kijivu lililotoboka, na chini yake shuka. Na baridi ya Juni na Julai haiulizi kama unalala Golf kwa wenye nazo au Ruashi.

Sasa msiseme sijui pesa. Pesa naijua. Mwaka 2003 Baba alikuwa mmoja wa wale watu zaidi ya 10,000 waliotoka Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali, kwa ile iliyoitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Hiari! Mshahara hujauona miezi na miezi, unaletewa karatasi utie sahihi, na hiyo ndiyo hiari. Pesa ya kuagana ikaja, ikapita. Kilichobaki nyumbani ni ile Singer, na Mama akaikalia. Sare za shule, libaya za harusi za watu wengine, mapazia, nguo za matanga ambazo lazima ziwe tayari kesho asubuhi kwa sababu maiti hangoji. Usiku wa manane, kwa koroboi. Tulikula mashini ile, tulisomea mashini ile. Nilikuwa na miaka 17, na kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi sindanoni macho yake yalipogoma.

Siku kitinda mimba wetu alipomaliza shule, Mama aliinuka, akaifunika mashini kwa shuka, akaniambia: "Ubebe. Sitaki kuiona tena." Tangu hapo hajashona hata kifungo. Kifungo kikikatika anapeleka kwa fundi na analipa. Na huyu ni mwanamke aliyekuwa anapenda kushona! Kabla ya 2003 alitutengenezea wanasesere wa mabaki wenye sketi za tabaka tatu, na ndani ya sketi, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia, alitia na chupi yenye lasi. Nani alimtuma? Hakuna. Nani alimlipa? Hakuna. Miaka ile kumi ya kushonea tumbo ilimaliza kitu ndani yake. Akishika sindano anaona hesabu: pindo hili ni unga, zipu hii ni madaftari, huyu ananidai libaya na mimi namdai faranga. Hilo simu ya mgeni haikulijumlisha. Ndiyo maana nataka sindano moja tu katika ukoo huu ambayo haijawahi kuulizwa leo imeingiza ngapi. Moja. Ni tamaa hiyo?

Haya, kama una watoto wanalala njaa na mkono wako unashona, uza. Uza hata ya Anuarite, mwenyeheri ataelewa.

Na mimi nakiri, niliwahi kuuza. Mwaka 2021, shule ilikuwa imewarudisha watoto nyumbani kwa deni la ada, na mtu mmoja aliyekuwa anahama mji akanipa dola 60 mkononi. Nikaikunja vizuri, nikampelekea mwenyewe. Usiku, nimeshalala, nikakumbuka kona ya juu kulia: kipande cha kikwembe nilichombebea mtoto wangu wa kwanza mgongoni, chenye doa la dawa ya malaria, ile ya maji, aliyonitapikia begani. Nilikuwa nimekitia pale kwa mkono wangu ili kisipotee. Nikakaa kitandani mpaka jogoo. Leo sijui kiko wapi. Huenda mbwa wa mtu anakilalia huko nje. Ada ililipwa. Mtoto akarudia darasa.

Mgeni alinitajia Marekani, eti kule viraka vinalipwa maelfu. Nikatumia megabaiti zangu kusoma, na nashukuru alinitajia. Kuna mahali panaitwa Gee's Bend, kwenye kona ya mto Alabama, ambako wanawake weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa, wameshona blanketi za viraka kizazi baada ya kizazi kwa suruali za kazi zilizochakaa. Mwaka 1966 wanawake wa upande ule waliunda ushirika, Freedom Quilting Bee, na pesa iliingia, na ilihitajika, hapo sibishi. Ila wateja wa madukani walitaka vitu vifanane. Mwaka 1972 wakapata kandarasi ya duka kubwa la Sears: foronya za kodrai, zote sawasawa, mia kwa mia. Mama wa semina angelia kwa furaha. Mabaki ya ile kodrai wakayabeba nyumbani, wakayashonea bulangeti zao wenyewe kama walivyotaka, iliyopinda ikapinda. Mwaka 2002 blanketi za Gee's Bend zikatundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na watu wakasimama mbele yake kimya kama mbele ya altare. Zilizotundikwa ni zile za kitandani, za suruali kuukuu na za mabaki ya kodrai. Foronya za Sears hakuna aliyezitundika.

Kwa wanaosema kufunika watoto kwa viraka ni aibu: njooni Julai, saa tisa usiku, tuongee. Kwa wale wa "kikwembe kizuri hakikatwi, kinawekwa kwenye sanduku kiwe urithi": panya wa Katuba nao wana haki ya kurithi, naona. Na kwa mulamu wangu, ambaye najua anasoma hapa: karibu tena, ila uje peke yako.

Jumanne Mama alipita akitoka sokoni. Nilikuwa mashinini, na bulangeti ya mtoto mdogo mapajani. Ameipasua kona kwa kidole cha mguu, uzi mwekundu umeniishia, nikawa naziba kwa kijani. Akasimama nyuma yangu na kikapu bado mkononi. Alisimama kitambo. Akasema:

— Mshono wako umepinda.

— Kaa basi unishonee, Mama.

— Miye nilisha shona yangu.

Akavuta kiti karibu na mbabula, akauliza kama kuna chai. Nilipotoka kuchota maji na kurudi, nilikuta sindano yangu ya mkono imeshatungwa uzi, wa kijani, imechomekwa kwenye mkono wa kiti.