Mama ameaga, funguo bado anazo

Tulimuaga Mama, mwanzilishi na mkurugenzi wa shirika letu la kusaidia yatima, mwezi wa saba mwaka 2024, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, kwenye ukumbi wa kukodi kule Kihesa. Keki ilikuwepo, pilau ilikuwepo, na MC mpenda sauti yake mwenyewe alikuwepo. Mama akavishwa kitenge juu ya sweta, akalia, nasi tukalia. Ikasomwa risala, na mwisho wa risala palikuwa na maneno haya: Mama hatuachi, anabaki kuwa mlezi wetu. Vigelegele vikalipuka. Nilipiga makofi kuliko wote, maana risala ile niliiandika mimi na nilijiona nimepatia.

Sikupatia. Tangu siku ile shirika letu lina mkurugenzi mmoja ofisini na mwingine nyumbani kwake.

Kwa asiyemjua Mama, arudi kwanza kwenye miaka ile ya misiba. Ukimwi ulizipiga Nyanda za Juu Kusini vibaya; hata baadaye sana, kwenye utafiti wa kitaifa wa 2016-17, maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 11.4 Njombe na 11.3 Iringa, wakati nchi nzima ilikuwa kwenye 5 hivi. Yatima walijaa kwa bibi zao. Mama na wenzake wa jumuiya walianza kwa kuchangishana unga na sabuni, wakipanda Kilolo kwa miguu na kwa malori ya mbao. Daftari lao la kwanza, kaunta buku lenye jalada jekundu, bado lipo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: debe moja la mahindi, blanketi mbili, nauli.

Miaka ikapita, wafadhili wakaja, wakaja na gari, na kompyuta, na fomu zisizoisha. Tukafika wafanyakazi zaidi ya ishirini. Kitu kimoja hakikukua: taarifa muhimu zilibaki kichwani mwa Mama. Yeye ndiye aliyejua ni baba mdogo gani kapora shamba la mtoto, bibi yupi anauza mahindi ya msaada apate hela ya pombe ya ulanzi, mwenyekiti yupi wa kijiji huwa hasaini mpaka abembelezwe. Hakuna fomu ya mfadhili yenye kisanduku cha mambo hayo.

Akaja mkurugenzi mpya. Kijana mtulivu, ana shahada, ana heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Hebu tazama funguo. Mama ana kitita cha funguo kimefungwa uzi wa sufi mwekundu, na ndani yake umo wa kabati la vyeti. Ikihitajika karatasi yoyote ya usajili, dereva hutumwa kwa Mama. Kwa wasiofahamu, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 cheti cha shirika lisilo la kiserikali kina uhai wa miaka 10, kisha unaomba upya. Kwa hiyo si karatasi ya kupamba ukuta. Cheti chetu kinalala kabatini, na ufunguo wake unalala kwenye kikapu cha Mama pamoja na miwani na vidonge vya presha.

Halafu laini ya simu. Namba iliyoko kwenye barua zetu zote, ambayo bibi wa Kilolo ameiandika kwa mkaa ukutani jikoni, imesajiliwa kwa kidole cha Mama. Pesa za dharura zinapita humo humo.

Halafu benki. Mama bado ni mtia saini. Kijana akiandika hundi anaipeleka jioni nyumbani kwake. Anaamkia, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, karibu chai. Chai inanywewa. Kisha Mama anavaa miwani, anaigeuza hundi mbele na nyuma, anauliza kwa upole kabisa: "Hii ya nini, mwanangu?" Sasa wewe uliyelelewa huku kwetu, niambie, kijana wa miaka thelathini na kidogo amjibu nini? Amwambie Mama hayo hayakuhusu tena? Anaeleza. Akishaeleza, ameshaomba ruhusa, na wote wawili wanajua.

Kazi ya kusema lile neno ilikuwa ya bodi. Na bodi ni nani? Nusu yetu tuliteuliwa na Mama. Mimi mwenyewe ada yangu ya kidato cha tatu aliilipa yeye. Kila ajenda ya watia saini ilipofika, mtu alikumbuka ana msiba.

Mzee mmoja wa bodi alinijibu kwa mfano wa Mwalimu Nyerere: aliachia urais mwaka 1985, akabaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990, na nchi haikuvunjika. Nilimheshimu, nikakaa kimya, lakini jibu ninalo. Uenyekiti wa chama ulikuwa cheo kilichomo kwenye katiba, chenye kazi zake na vikao vyake. Katiba yetu nimeipekua jalada hadi jalada. Neno mlezi halimo. Tulimpa Mama cheo kisicho na mipaka, halafu tunashangaa hajui mipaka.

Tulilipia Januari 2025. Rais Trump aliposimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, sehemu ya mishahara yetu iliyopitia kwa shirika kubwa zaidi ilikatika. Mkurugenzi akaitisha kikao, akataja nafasi zitakazopunguzwa. Jioni yake wafanyakazi sita walikuwa sebuleni kwa Mama. Naye, kwa huruma ile ile iliyolea yatima, akawaambia hakuna atakayeondoka. Hela ya kutimiza ahadi hiyo hakuwa nayo. Kesho yake kijana alirudia maneno yake mbele ya watu waliokwisha kuambiwa vingine. Sijapata kuona mtu mzima akidogoshwa vile bila yeyote kumtukana.

Nilitoka pale nimeshaamua kwamba Mama ni king'ang'anizi. Jumapili moja nikapanda kwake niliseme hilo, kwa adabu lakini niliseme. Nilimkuta uani anamenya viazi. Nikamtania kwamba kile kitenge cha siku ya kuagwa mbona hajakivaa hata siku moja. Akacheka. "Bado sijakishona, mwanangu. Fundi anataka elfu ishirini na tano."

Nilisahau nilichokwenda kusema.

Mama ametumikia shirika lile miaka zaidi ya ishirini. Miaka ishirini ni miezi 240. NSSF wanataka michango ya miezi 180 mtu apate pensheni ya uzee. Dereva wetu anachangiwa, mhasibu anachangiwa, mlinzi anachangiwa. Mama ndiye aliyesimamia waandikishwe. Yeye mwenyewe hakuwahi kuandikishwa, kwa sababu mwanzilishi hujitolea, hupewa posho bajeti ikiruhusu, na bajeti ya mfadhili haina mstari wa kiinua mgongo cha mwanzilishi. Kwa hiyo tulimlipa neno. Mlezi. Na neno lile lingekuwa tupu kabisa kama asingebaki na funguo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tumfungie vioo. Wala sikubaliani na wanaosema tumwache, ataelewa polepole. Cheo cha mlezi kifutwe. Watia saini wabadilishwe, na muhtasari wa kikao upelekwe benki wiki hiyo hiyo. Laini ihamishiwe kwa jina la shirika. Lakini kabla ya hayo yote tumlipe. Tuna kiwanja cha pili kisichotumika, tuna gari bovu linaloozea uani, viuzwe. Halafu tumwombe, kwa mkataba wa miezi michache na malipo yanayojulikana, azunguke vijijini na mkurugenzi mpya, nyumba kwa nyumba, amwambie mambo yale yasiyo na kisanduku. Kijana aende na daftari. Nashauri liwe kaunta buku, kompyuta ikae nyumbani, maana bibi wa Kilolo akiona kompyuta anaanza kujibu kama anahojiwa.

Kikao cha bodi ni Jumamosi ijayo. Ajenda nimeiandaa mimi, kama nilivyoiandaa risala. Namba moja nimeandika mafao ya Mama. Funguo nimeziweka namba mbili.