Sungura Mwenye Meno ya Mtu

Mpwa wangu ana miaka minne na haogopi mamba. Nasema mamba wa saruji, yule aliyelala kwenye bustani moja ya kando ya ziwa ninakompeleka Jumapili mojamoja. Unalipa kiingilio, unanunua soda kwa bei ya uonevu, mtoto anabembea mpaka jua linazama. Juzi alimpanda mamba mgongoni, akamtia mkono kinywani, akamwambia, "Kula basi!" Kisha akageuka, akamwona sungura, akaja mbio kujificha nyuma ya miguu yangu.

Nikamtazama huyo sungura vizuri. Kasimama wima kama mtu, kavaa suruali nyekundu, anacheka. Mdomoni ana meno ya binadamu, yamepangwa sawasawa kama ya bandia na kupakwa rangi nyeupe ya mafuta. Macho yana kope. Mkono mmoja kaunyoosha kukukaribisha, ila vidole viwili vimekatika na nondo imechomoza, ina kutu.

"Mjomba, ananiangalia."

Kweli alikuwa anamwangalia. Mimi mwenyewe aliniangalia mpaka nikafika getini.

Kawaida yetu watu wazima ni kusema mtoto huyu mwoga, atazoea. Mimi nasema alikuwa sahihi. Masahiro Mori, Mjapani aliyebobea kwenye roboti, aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kadiri kinavyofanana na mtu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kikibakiza kidogo tu kuwa mtu kamili. Hapo ghafla kinatusisimua mwili. Yeye alikuwa anazungumzia roboti na mikono ya bandia, lakini angepita kwenye bustani zetu angejaza daftari. Mamba wa saruji ni mamba, basi. Yule samaki wa kwenye kipilefti cha katikati ya jiji letu la Mwanza, sijawahi kusikia kamliza mtoto wa mtu, maana ni samaki na hajidai kuwa kitu kingine. Huyu sungura wa suruali hujui umwamkie au umkimbie.

Fundi simlaumu sana. Niliwahi kukaa na mmoja kule Igoma akiwa kazini. Anasuka nondo, anazungushia wavu wa kuku, anapiga lipu, analainisha, anasubiri ikauke ndipo apake rangi. Mikono yake ni ya dhahabu. Ng'ombe aliyemtengeneza pale uani ungedhani atapiga mkia. Ila siku hiyo kazi ilikuwa katuni, na mfano wake ulikuwa picha kwenye simu ya mteja, imezunguka WhatsApp mpaka imeingia ukungu. Picha yenyewe inaonyesha mbele tu, mgongo abuni mwenyewe. "Mteja anataka acheke, kaka," akaniambia huku anakuna kichwa. Nikaelewa tatizo liko wapi. Kwenye katuni kicheko ni mstari mmoja wa kalamu. Kwenye saruji mdomo ukishaufungua lazima uujaze kitu, na meno ambayo fundi anayajua ni ya kwake.

Mwenye bustani angemwambia tu, "Nitengenezee ng'ombe," leo tungekuwa na ng'ombe.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuondoa kila kinachotisha, tuwajazie watoto vipepeo na maua ya plastiki. Hapo siwafuati. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi wa sita, kwenye sikukuu ya ngoma iitwayo Bulabo, uwaone watoto wako mabegani kwa baba zao, wanatazama wanaume wakicheza na chatu aliye hai. Wanapiga mayowe, wanafunika macho, halafu wanachungulia katikati ya vidole. Hakuna anayeomba arudishwe nyumbani. Mtoto anapenda kuogopa akijua anachokiogopa ni nini, na akijua pa kutokea.

Jerusalem kuna bustani ya watoto yenye zimwi kubwa, jeupe na jeusi, lililokamilika mwaka 1972. Alilitengeneza msanii Niki de Saint Phalle. Kinywani limetoa ndimi tatu nyekundu, ndefu, na kila ulimi ni mtelezo. Wakubwa waliingiwa na wasiwasi kwamba watoto watatishika, yeye akashikilia kwamba kutishwa namna hiyo ndiko kunakomsaidia mtoto kuishinda hofu. Watoto wanapanda, wanaingia kichwani, wanatokea mdomoni wakiteleza. Nilipoona picha zake nikasema, lakini huyu si Shing'weng'we wetu?

Kwa asiyekulia Usukumani: Shing'weng'we ni zimwi lililomeza nchi nzima, watu na mifugo, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akauliza watu wengine wako wapi, akaambiwa, akaingia porini kuwinda. Akaua panzi, akaja naye: mayu, Shing'weng'we ndiye huyu? Siye, mwanangu. Akaua ndege. Siye. Akaendelea hivyo mpaka siku alipoliua lenyewe, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka wazima.

Sasa niambie, huo mtelezo si umeshajichora wenyewe? Mtoto anaingia mgongoni, gizani kidogo, anatokea tumboni akipiga kelele. Mafundi tunao, nondo tunazo, na hadithi haitutozi shilingi. Sisi tumeagiza sungura mwenye suruali.

Usiku ule nilimsimulia mpwa wangu hadithi yote, pamoja na kile kipande cha mwisho ambacho wengi hukiruka: Masala Kulangwa alipokuwa anapasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa ndani, na bibi akatoka amekasirika badala ya kushukuru. Nilidhani ameshalala. Zimwi halikumshughulisha hata kidogo.

"Mjomba," akasema gizani, "sikio la bibi walilirudishia?"