Kiboksi Kinachotembea

Siku nne nzima, nyumbani kwangu hapa Free Area, Nakuru, tumetazama kiboksi cha buluu kwenye kompyuta. Kiliteleza kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine, kikitangaza kwamba hakuna mawimbi. Ndiyo picha niliyonunua kwa pesa za zamu yangu ya chama.

Kadi ya grafiki, ile ya kuipa kompyuta picha nzuri, ilitoka Nairobi, barabara ya Luthuli, ikapanda matatu kama mgeni, nami nikaipokea stejini kwa mikono miwili. Kijana wangu alikuwa ameniapia kwamba haina makuu: inakula wati 75 tu, na hizo bodi kuu ya kompyuta inazitoa yenyewe pale inapochomekwa, haitaki waya mwingine. Tukaichomeka, ikalia tak! Feni ikazunguka. Nikaishangilia feni.

Tukarudisha waya wa skrini mahali pake pa zamani. Kiboksi. Kijana akasema bodi nyingi zikishaona kadi mpya huzima picha yao ya ndani, kwa hiyo picha tuifuate kwenye kadi. Sawa, nikaigeuza. Kadi ina HDMI, tundu la picha la kisasa. Lile tundu la buluu la VGA, lenye vishimo 15, haina. Skrini yangu nayo haijui kitu kingine ila VGA. IBM, kampuni ya kompyuta, waliitoa VGA mwaka 1987, na ukiitazama skrini yangu utadhani ilialikwa kwenye uzinduzi.

Nikashuka mjini kutafuta adapta. Muuzaji hata hakuinua macho kwenye simu. "HDMI na VGA, mzee? Hii hapa." Shilingi mia nane. Ikaingia huku, ikaingia kule, mpaka taa yake ndogo ikawaka. Kiboksi kikaendelea na safari.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ploti yetu imejaa mainjinia. Soja wa geti akasema ni vumbi, kwani hata jina Nakuru si linatokana na neno la Kimaasai la vumbi? Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Jirani muuza mitumba akaniambia nitoe ramu, vile vibao vya kumbukumbu, nizisugue kwa raba. Raba ya mtoto wa darasa la tatu ikaisha. Mwingine akaniamuru ning'oe ile betri ya duara kwenye bodi, nihesabu dakika tano, niirudishe. Nikairudisha, na sasa kompyuta inaamini tuko mwaka mwingine kabisa. Mama watoto hakutoa ushauri. Aliuliza tu, "Baba, na ile pesa ya gesi?"

Jana nikaita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Akaishika adapta, akaigeuza mara moja, akacheka. "Mzee, hii inatoka VGA kwenda HDMI. Wewe unataka kurudi."

"Si ni barabara moja?"

"Ni moja, lakini haina njia ya kurudi."

Akanieleza kwamba HDMI hupeleka picha kwa tarakimu, VGA kwa umeme unaopanda na kushuka, na ndani ya adapta kuna mkalimani mdogo. Mkalimani wangu anajua kutoa Kijaluo akaweka Kiswahili. Ukimsemesha Kiswahili anakutazama tu.

Sasa mimi nina swali moja: kama haifanyi kazi, mbona inaingia? Ufunguo usio wa mlango huo angalau hukwama. Hii iliingia pande zote mbili, ikaniwashia na taa! Fundi mia tano za kuangalia, adapta nyingine mia saba.

Saa mbili usiku picha ikatokea, safi, rangi zinameta. Nikawaita watu wote wa nyumba waje waone. Kitinda mimba wangu akasimama mbele ya skrini, uso ukamvunjika.

"Baba, kile kiboksi kiko wapi?"

Kumbe siku zote nne watoto walikuwa wanawekeana dau la mandazi, kitagonga kona gani. Yeye alikuwa anadai matatu.