Kumbeba mgonjwa wa akili barabarani ni rahisi, akirudi je?

Jamani hii mada ya kuwabeba kwa nguvu wagonjwa wa akili wanaolala mitaani imerudi tena, na safari hii watu wanatolea mfano Marekani, eti Trump kasaini amri Julai 2025 ya kusukuma watu wa namna hiyo wapelekwe kwenye taasisi hata kama hawataki, basi na sisi Mtwara tufanye hivyo hivyo. Ngojeni kwanza. Wale wenzetu mwaka 1955 walikuwa na wagonjwa zaidi ya laki tano kwenye mahospitali yao ya akili, wakaanza kuwatoa, 1963 rais wao Kennedy akasaini sheria ya kujenga vituo vya kuwatibia huku huku mitaani kwao, vituo vingi havikujengwa na wengi wakaishia kulala nje. Leo wanataka kuwarudisha ndani wakati vitanda vyenyewe vingi wameshavifuta. Hilo ndo la kuiga?

Na sheria kwetu ipo, ya 2008, inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake. Siipingi, mtu kashika panga au anataka kujiua huwezi kukaa kusubiri akubali. Kinachoniuma ni kwamba akishapandishwa kwenye gari sisi tunaona kazi imeisha.

Kuna kijana analala kibarazani karibu na soko, anatandika viroba vya salfa vilivyobaki msimu wa korosho, na joto lote hili kavaa makoti mawili. Mama yake anakujaga kutoka vijijini huko Newala na nguo safi na ubwabwa, anakaa naye pale pale chini anamlisha. Huyo mama anasema walianzia kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji, kuku wakaisha, mbuzi wakaisha, ndo wakaenda hospitali, akachomwa sindano ya mwezi, ile ya kutuliza akili inayorudiwa kila mwezi, akatulia kabisa, mpaka korosho akawa anaokota na wenzie. Halafu ikafika tarehe sindano hakuna, kanunueni duka la dawa, na nauli juu, mwezi mmoja ukarukwa ukaja wa pili, huyo kijana akarudi barabarani. Sasa huyu mkimfunga kamba mkampeleka hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma huko, mama yake atamfuata na nini? Na akitoka ametulia, sindano ya mwezi unaofuata anachomewa wapi?

Mi naona pesa ya gari na mafuta ya kuwakusanya ianzie huko. Sindano iwepo mpaka zahanati ya kijijini, bure, isikatike. Ofisa ustawi wa jamii apewe pikipiki ya kumfuata aliyekosa tarehe yake. Na wale wasio na ndugu, maana wapo, watafutiwe chumba na mtu wa kuwaangalia. Madiwani wakikaa kwenye bajeti tuwaulize hayo moja moja, wakishatujibu ndo tuje tuongelee kumlazimisha mtu.