Mandela kwenye kiti cha Creon

Mandela anayesambaa zaidi mitandaoni ni Mandela wa nukuu. Utamkuta kwenye status za watu kila Jumatatu asubuhi: shati lake lenye marembo, tabasamu lile, na chini yake sentensi moja kuhusu ujasiri au msamaha. Baadhi ya sentensi hizo hata si zake. Ile maarufu inayosema kwamba hofu yetu kubwa si udhaifu wetu bali ni nguvu tulizonazo, ambayo watu huapa aliitamka siku ya kuapishwa kwake mwaka 1994, iliandikwa na Marianne Williamson wa Marekani katika kitabu cha mwaka 1992. Mandela hakuitumia katika hotuba ile. Lakini inaendelea kuzunguka na jina lake, kwa sababu inafanana na yale tunayotaka kuyasikia kutoka kwake.

Sina ugomvi na mtu anayetafuta moyo wa kuianza wiki. Ninacholalamikia ni kwamba tumemchukua mtu aliyesoma kwa jasho, tukamgeuza kuwa mtu wa kutusifu. Mandela anayenivutia mimi ni yule aliyesimama mbele ya wafungwa wenzake katika kisiwa cha Robben, akaigiza mtawala jeuri.

Ameieleza habari hiyo mwenyewe katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1994. Wafungwa walikuwa na kundi la maigizo lililotoa onyesho lake kila mwaka wakati wa Krismasi. Hawakuwa na jukwaa, mapambo wala mavazi; walichokuwa nacho ni maandishi ya tamthilia na sauti zao. Zamani, akiwa mwanafunzi katika chuo cha Fort Hare, Mandela aliwahi kuigiza kama John Wilkes Booth, mtu aliyempiga risasi Abraham Lincoln. Kisiwani aliigiza mara chache tu, na nafasi aliyoikumbuka kuliko zote ni ya Creon, mfalme wa Thebes katika Antigone, tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,400.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu wawili wameuana wakipigania kiti cha enzi, na mjomba wao Creon ameshika utawala. Anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine, Polynices, aachwe aliwe na ndege na mbwa kwa kuwa alileta jeshi la kigeni kuushambulia mji wake. Dada yao Antigone anakaidi amri na kumfukia kaka yake. Creon anamhukumu kufungiwa pangoni akiwa hai, ingawa binti huyo ni mchumba wa mwanawe, Haemon.

Msomaji wa haraka humchukia Creon tangu ukurasa wa kwanza. Sophocles hakumwandika hivyo. Hotuba yake ya kwanza ni ya mtu mwenye akili: anasema huwezi kuijua tabia ya mtu mpaka umwone akitawala na kutunga sheria, na kwamba anayemweka rafiki yake mbele ya nchi yake hana thamani. Mji umetoka vitani usiku uliopita tu. Mbele yako yuko kiongozi anayetaka utulivu, na sababu anazo. Mandela aliliona hilo. Katika tawasifu anaandika kwamba mwanzoni Creon ni mkweli na mzalendo, na maneno yake yana hekima. Kisha anaeleza jinsi ukaidi na upofu wake ulivyomharibu, maana kiongozi hana budi kuchanganya haki na huruma. Anaongeza kwamba aliyewakilisha mapambano yao ni Antigone, kwa kuwa aliikaidi sheria isiyo ya haki.

Hapo ndipo ninapoona ukomavu. Mbele ya mahakama, tarehe 20 Aprili 1964, Mandela alikuwa amekwisha kuwa Antigone. Alisema yuko tayari kufa, na hukumu ya kifungo cha maisha ikafuata mwezi Juni. Kama angetaka kusoma tamthilia ile ili ajisikie vizuri, nafasi ilikuwepo: dhulumu ile ile, sheria ile ile ya hovyo, ujasiri ule ule. Lakini kuigiza ni kuyakariri maneno ya mtu mwingine mpaka yatoke kinywani mwako kama yako. Ilimlazimu mfungwa wa makaburu atafute ndani yake mahali ambapo amri isiyo na huruma inaonekana kuwa jambo la busara. Kila mtu ana mahali hapo, hata yule aliyeonewa maisha yake yote, na aliyeonewa asipopajua mapema, siku akipewa madaraka wengine watapajua kwa kuumia.

Mazungumzo ninayoyarudia zaidi katika Antigone ni ya baba na mwana. Haemon haji kwa matusi. Anamwambia baba yake kwamba watu mitaani wananong'ona wakimhurumia binti, ila wakiuona uso wa mfalme wanayameza maneno yao. Anamwambia mti unaoinama mbele ya mafuriko husalimika na matawi yake, na unaokaza hung'olewa na mizizi. Creon anauliza, kwa hasira ya mtu aliyechomwa: sisi wa umri huu tufundishwe na kijana kama huyu?

Sasa weka ukurasa huo kando ya kilichotokea kisiwani baada ya Juni 1976. Wanafunzi wa Soweto walikuwa wameandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawapiga risasi, na vijana wengi wakaishia Robben. Walifika wakiwa na moto. Waligoma kutii amri ndogondogo za askari ambazo wazee walikuwa wamezizoea. Mmoja wao, alipoambiwa avue kofia mbele ya ofisa, aliuliza avue kwa nini. Vijana hao waliwaona kina Mandela kuwa watu wa siasa za wastani. Mtu aliyeanzisha Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la chama cha ANC, na kuhukumiwa maisha, leo anaitwa mtu wa wastani na vijana wasio na ndevu! Mandela anakiri kwamba hisia hiyo ilikuwa mpya kwake na haikuwa tamu. Anasema alikuwa na njia mbili, kuwakaripia kwa utovu wa adabu au kuwasikiliza, akachagua kusikiliza.

Sisemi kwamba tamthilia ndiyo iliyomfundisha. Maisha ya mtu hayapangiki kirahisi hivyo. Ila naona kuwa kiti alichowekewa ni kile kile cha Creon, na swali ni lile lile, naye akalijibu tofauti. Watu wengi tunaosoma vitabu kuhusu viongozi wakuu huwa hatujiweki kwenye kiti hicho. Tunasoma tukiwa tumekwisha kuchagua upande wa shujaa.

Mfano mwingine ni saini yake. Mfungwa mwenzake, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na juzuu la kazi zote za Shakespeare, alilolifunika kwa kadi za Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini yake ya Kihindu. Akawapitishia wenzake, kila mmoja atie saini penye maneno yaliyomgusa. Mandela alichagua Julius Caesar, mahali Kaisari anaposema kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao na shujaa huyaonja mauti mara moja tu. Aliandika na tarehe: 16 Desemba 1977.

Maneno hayo peke yake ni mazuri sana, na yanastahili mtu aliyekuwa ameonja kuta kwa zaidi ya miaka 13 tangu hukumu. Lakini yasome yakiwa mahali pake. Mke wa Kaisari, Calpurnia, ameota ndoto ya damu na anamsihi asitoke nyumbani. Kaisari anajigamba. Kisha anakubali kubaki. Kisha anafika Decius, mmoja wa waliokula njama ya kumuua, anaitafsiri ndoto upya kwa sifa nyingi, anamdokezea kwamba Baraza linataka kumpa taji, na Kaisari anavaa joho na kwenda kuuawa. Ndani ya mandhari moja, yule anayetamka sentensi kuu kuhusu ujasiri anabadilishwa nia na mke wake, halafu na mtu anayempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Shakespeare ametupa maneno ya kweli katika kinywa cha mtu asiyeweza kumtambua adui yake. Anayeyakata na kuyabandika ukutani anapata nusu. Anayebaki na mandhari nzima anajifunza kwamba kutokuogopa kifo ni jambo moja na kujua nani anakudanganya ni jambo jingine, na kiongozi anayahitaji yote mawili. Naongeza kuwa tarehe 16 Desemba ndiyo siku Umkhonto we Sizwe ilipoanza mashambulizi yake, mwaka 1961, na tangu 1995 Afrika Kusini huiadhimisha kuwa Siku ya Maridhiano.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili, tamthilia hiyo ya Julius Caesar ni ya kwetu pia. Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1963, akiwa rais, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, na inasisimua kuona kwamba Walter Sisulu, mfungwa mwenzake Mandela kule Robben, alitia saini yake penye maneno ya Shylock, Myahudi wa tamthilia hiyo, kuhusu uvumilivu wa watu wanaoonewa. Nalitazama jambo hili kwa heshima kubwa: katika Juliasi Kaizari, mkuu wa nchi changa anawapa wananchi wake kitabu kinachouliza kama ni halali kumuua mtawala kabla hajawa dikteta, na hawapi jibu. Kutafsiri mchezo mzima ni kusoma kila mstari mara kadhaa, na mistari ya Brutus na ya Cassius, wauaji wa Kaisari, na ya Mark Antony, rafiki yake Kaisari, yote imepita mikononi mwake.

Hata hivyo serikali ya Mwalimu huyo huyo ilikuwa na sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, iliyopitishwa mwaka 1962, na iliwafunga watu waliopingana naye. Nampenda Mwalimu, na ndiyo maana nalisema. Mtu anaweza kumjua Brutus kwa kila neno na bado akaogopa wapinzani. Kwa hiyo nawakatalia wanaosema kwamba kusoma fasihi humfanya mtu kuwa mwema. Fasihi humwekea mtu kesi dhidi ya nafsi yake, kwa ushahidi mzuri kuliko atakaoletewa na wasaidizi wake. Hukumu anaitoa mwenyewe, na anaweza kuitoa vibaya.

Mandela alipofika madarakani, usomaji wake ulionekana. Tarehe 24 Mei 1994, alipolihutubia Bunge, alisoma shairi la Ingrid Jonker kuhusu mtoto aliyeuawa na askari huko Nyanga. Jonker alikuwa Mzungu, aliandika kwa Kiafrikana, alijiua mwaka 1965 akiwa hajatimiza miaka 32. Zingatia lugha hiyo. Ndiyo iliyowaingiza barabarani watoto wa Soweto, ndiyo ya askari waliomlinda, na Mandela alikuwa amejifunza akiwa gerezani. Mshindi wa kawaida angemsoma mshairi wa upande wake. Yeye aliwaonyesha walioshindwa kwamba katika lugha yao alikuwepo mtu aliyeulilia mwili wa mtoto Mwafrika.

Nimeisoma Antigone na wanafunzi wa sekondari, na kila mara darasa zima huenda kwa Antigone mbio. Nikampa kiranja mkuu nafasi ya Creon. Alipofika kwenye maneno ya kumjibu Haemon alisoma kwa nguvu iliyowashangaza wenzake, na msichana mmoja akamwambia, "Ndivyo unavyotujibu sisi bwenini." Darasa likanyamaza, kijana akakitazama kitabu, akauliza kama anaweza kuurudia ukurasa ule. Tulijadili hadi kengele ikalia. Tuliongea juu ya jambo ambalo miongozo hailitaji: nabii Tiresias anapomtisha Creon hadi akalegea, wazee wanamwambia akamtoe binti pangoni kwanza, kisha amzike maiti. Creon anakwenda kwa maiti kwanza. Anaosha, anachoma, anajenga kaburi, kila kitu kwa utaratibu, na anapofika pangoni Antigone amejinyonga. Mimi naona hata katika toba yake alianza na asiyeweza kumjibu. Kijana mmoja alipinga: alisema mfalme alianzia palipokuwa na dhambi. Bado nafikiri juu ya jibu lake.

Mjadala wa namna hiyo hauna nafasi katika mitihani yetu. Tunawafundisha vijana fani na maudhui kama orodha: dhamira tano, migogoro minne, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kila hoja na mfano mmoja. Mwanafunzi anaandika "uongozi mbaya" chini ya dhamira, anapata alama zake, anaondoka bila kuguswa na Creon hata kidogo. Miaka kumi baadaye ni mkuu wa idara, au mwenyekiti wa kijiji, au baba, na neno "uongozi mbaya" kwake ni jina la watu wengine.

Watunga mitihani wanaweza kuanza na swali moja. Wamwambie mtahiniwa achague mhusika aliyekosea katika tamthilia aliyoisoma, aandike ukurasa mmoja wa utetezi wa mhusika huyo kwa nafsi ya kwanza, bila mzaha, kwa ushahidi wa ndani ya kitabu. Kisha aandike ukurasa wa pili akieleza ni wapi utetezi huo ulianza kumridhisha yeye mwenyewe. Kusahihisha kutachukua muda mrefu zaidi, na walimu tutalipigia kelele hilo, lakini mimi niko tayari kusahihisha.